Gavana wa Kentucky

"Babe, Kentucky umeiacha nje!"

Nilimpigia simu mbio mbio, nikitaka kumwokoa kabla watu hawajaanza kumcheka.

"Nini?"

"Kwa ile orodha umetuma kwa group. Nimehesabu majimbo ni thelathini na sita tu. Kentucky haimo. Ongeza haraka kabla hao wajuaji wa Columbus hawajakuanza."

Kiplagat wangu, anayesomea udaktari wa takwimu kule Columbus, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu hata usingizini, alianza kukohoa.

"Aah. Si unajua nimechoka," alisema mwishowe. "Nimesahau. Nitarekebisha."

"Na zile zingine? Si lazima zifike hamsini?"

"Nitarekebisha zote, Nyanchama. Niko class. Nitakupigia."

Hiyo ilikuwa Jumatano, siku sita kabla ya uchaguzi wa Novemba 2014. Msimu ule Kiplagat alikuwa akitabiri ni chama kipi kitatwaa magavana wengi zaidi Marekani, Republican au Democrat. Wakenya wa Columbus na Buffalo walimsikiliza kama mganga wa mvua. Na kwa miezi miwili, wikendi baada ya wikendi, alikuwa Louisville, hukohuko Kentucky.

"Vyama viko sawa kabisa," aliniambia aliponiaga mara ya kwanza. "Kentucky ndiyo itaamua. Lazima niende niongee na wapiga kura uso kwa uso."

"Kila wikendi, Kiplagat?"

"Wikendi mojamoja nitakuja kwako. Uchaguzi ukiisha, Jumamosi ya tarehe nane, niko kwenu na wazee wangu. Promise."

Nikaamini. Nichekeni, lakini fikirini kidogo. Mwaka uliotangulia, kule nyumbani, magavana wote arobaini na saba walichaguliwa siku moja. Nani aliwahi kuniambia kwamba huku jimbo hili lina mwaka wake na lile lina mwaka wake? Aliyejua alikuwa yeye. Aliona sijui, akanyamaza, akawasha gari.

Na mimi nilikuwa nimeshatangaza. Baba mdogo Sylveri, ninayekaa kwake hapa Black Rock, mtaa wa Buffalo, alikuwa amepaka rangi sebule nzima kwa ajili ya wageni. Mama huko Kisii alikuwa ameshawaambia kanisa zima. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na nilimpenda mtu yule kwa moyo wangu wote.

Jioni nilifungua orodha tena. Bado thelathini na sita. Nikamwandikia Marita, binamu yangu anayesoma Louisville: "Huko mnachagua gavana Jumanne, sivyo?"

Badala ya kujibu, alipiga.

"Gavana gani? Kentucky ni mwaka ujao! Mwaka huu huku ni seneta na wabunge. Nani amekudanganya?"

"Kiplagat anakuja huko kila wikendi kwa sababu ya hiyo kura."

"Anafikia wapi?"

"Hoteli fulani, karibu na Iroquois Park."

Marita alikuwa amehamia mtaa huohuo Septemba. Kiplagat hakujua, na wala hawajawahi kukutana.

"Nyanchama, gari lake ni Corolla ya kijani? Namba za Ohio, na bendera ya Kenya imebandikwa nyuma?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu! Hilo gari hulala kwa kina mzee Bagula, Wakongo wa nyumba ya pili kutoka kwetu. Wanasema ni la mchumba wa binti yao, Gentille."

Nilikaa chini, sakafuni jikoni, na sufuria ya ugali mbele yangu ikaanza kuungua.

"Nipe namba ya huyo msichana."

"Utamwambia nini?"

"Sijui. Nipe tu."

Nilizima jiko, nikapiga.

"Allô?"

"Gentille? Naitwa Nyanchama. Niko Buffalo."

"Bon, karibu! Wewe ni ile dada ya Kip? Alisemaka iko na dada Buffalo."

"Mimi si dada yake. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja kwetu kuniposa."

Nilisikia mashine ya kufulia ikizunguka nyuma yake.

"Dada, usiniambie vile," alisema polepole. "Siye tulishafanya presentation kwa wazazi. Alikuja na barafiki yake mbili, baba akamupokea. Mariage iko mu mwezi wa kwanza."

"Alikuambia Buffalo anafuata nini?"

"Uchaguzi. Anasemaka New York banachagua gavana, lazima aende kuuliza batu."

Nilicheka, kicheko kibaya. Jimbo letu la New York lilikuwa linachagua kweli! Yeye alidanganywa kwa ukweli, mimi nikadanganywa kwa uongo, na bwana akafika kote alikotaka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa kutoka Columbus hadi Louisville, na kona ya Buffalo.

"Donc anatudanganyaka siye wote mbili," Gentille alisema.

"Unampenda?"

"Sana. Na wewe?"

"Sana."

Tukalia, kila mmoja na simu yake. Sikuweza hata kumchukia. Nilitamani awe na kiburi kidogo ili nimtukane, lakini hakuwa nacho.

"Utafanya nini, dada?" aliuliza.

"Nataka aje. Nataka aniangalie machoni mbele ya wazee wake."

"Bon. Mi nitaambia baba leo, lakini nitamuomba asimupigie simu. Kip akitaka kuja wikendi hii, nitasema niko na kazi ku warehouse. Aje kwako kwanza."

Jumanne kura zikapigwa. Kufikia asubuhi chama alichokitaja Kiplagat ndicho kilichonyakua magavana wengi, karibu vile vile alivyoandika. Group likajaa hongera. Ndipo nilipoelewa kilichoniuma zaidi. Katika kazi yake mtu huyu hakuthubutu kudanganya hata kwa jimbo moja. Aliona afadhali orodha imfichue kuliko tarakimu zake ziwe na kasoro. Heshima yote aliwapa magavana.

Akanitumia ujumbe: "Nimepatia babe!! Sasa imebaki wewe tu. Saturday."

Nikajibu: "Hongera. Karibuni."

Jumamosi walifika saa saba, watu sita, wakiongozwa na mzee Timothy, kaka mkubwa wa baba yake. Kiplagat alivaa suti niliyomchagulia mwenyewe. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote nyumbani. Baba mdogo angejua, angefunga mlango, na mimi nilitaka yule mtu aingie, akae.

Walisalimiana, wakaomba, mzee Timothy akasema kilichowaleta. Kwetu neno la wageni halipokelewi mpaka binti aitwe aulizwe, na anaulizwa mara tatu; akikana zote, posa imekufa. Nikaitwa kutoka jikoni.

"Mwanangu," alisema baba mdogo Sylveri, "hawa wageni wanasema wamekuja kwa ajili yako. Huyu kijana unamjua?"

"Simjui, baba."

Wanawake waliokuwa sebuleni walicheka, wakidhani naona haya. Kiplagat naye akacheka.

"Nyanchama, acha mchezo."

"Mzee Timothy," nikasema, "shikamoo. Naomba umuulize mtoto wako Gentille wa Louisville ni nani."

Kicheko kikakatika. Mzee akageuka polepole.

"Kiplagat. Gentille ni nani?"

"Baba, naweza ku-explain..."

"Nimeuliza ni nani."

"Nilikuwa bado... nilikuwa sijaamua," alisema, jasho likimtoka. "Nyanchama, nilikuwa nakuchagua wewe. Si unaona nimekuja hapa?"

"Na harusi ya Januari kwa mzee Bagula? Angeenda nani?"

Baba mdogo alikuwa amekunja ngumi magotini, lakini utaratibu ni utaratibu.

"Mara ya pili nakuuliza, mwanangu. Unamjua?"

"Simjui."

"Nyanchama, please," Kiplagat alisema, na sasa alikuwa analia. "Miaka mitatu!"

Nikamtazama. Nilikuwa bado nampenda, nisiwadanganye. Ningeweza kuvuka zulia lile nikamfuta machozi, na mwili wangu wote ulitaka kufanya hivyo.

"Mara ya tatu," alisema baba mdogo. "Unamjua?"

"Simjui, baba."

Mzee Timothy akachukua kofia yake, akaniomba msamaha kwa niaba ya ukoo wao, akatoka wa kwanza. Wengine wakamfuata. Kiplagat alibaki ameketi, mpaka baba mdogo alipouendea mlango na kuushikilia wazi, baridi ikiingia ndani.