Mpimaji wa Arobaini

Siku ya kwanza ya mafunzo waliitika majina yao watu arobaini, lakini viti vilivyokaliwa vilikuwa thelathini na tisa.

Afisa ajira alihesabu tena kwa kidole. Wote hao aliwaajiri yeye, ndani ya wiki tatu, maana kodi mpya ya majengo ilikuwa inaanza na idara haikuwa na mtu wa kupima hata banda la kuku. Mkurugenzi alikuwa amemkalia kooni: "Arobaini, dada. Wakipungua, jitafutie kazi na wewe." Mwishoni lilibaki faili moja, halina picha wala cheti. Alikuwa hoi. Akasaini barua ya ajira bila kuuliza.

Wiki iliyofuata wapimaji walirudi kutoka mitaani wamenywea.

"Kila tunapogonga tunaambiwa mwenzetu ameshapita," dereva wao alimnong'oneza. "Mwanamke. Hapimi kuta, dada, anapima vitanda. Anauliza nani analala hapa, analalia ubavu gani. Akitoka, nyumba inanuka kama kisima cha zamani, na wenye vitanda hawapati usingizi tena."

"Kwa nini haji kuripoti?"

"Anaripoti. Fomu zake ziko mezani kwako."

Kweli zilikuwepo, zimelowa. Akazifunua moja moja, na kadiri alivyofunua ndivyo mitaa ilivyozidi kusogea, mtaa wa soko, mtaa wa shule, mtaa wake mwenyewe, nyumba ya jirani, mpaka karatasi ya mwisho ambayo wino wake ulikuwa haujakauka: chumba cha nyuma, kitanda kimoja, mwanamke mzee, hulalia ubavu wa kulia.

Mama yake.

Dereva aliendesha gari kama mwendawazimu, akasimama mara moja tu kumchukua shangazi yake, mganga aliyekuwa anaanua nguo. Walipofika ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, lakini sakafu ya chumba cha nyuma ilikuwa baridi na ile harufu ya kisima ilikuwa imejaa mpaka kwenye pazia. Mama alilala macho wazi. Ubavuni pake godoro lilikuwa limebonyea, kama mtu amekaa.

"Mwanangu," mama alisema taratibu, "mgeni wako ana miguu ya baridi. Hujamkaribisha hata chai?"

Mganga hakuvuka kizingiti. "Mimi simwezi," alinong'ona. "Ameingia kwa saini yako. Mfukuze wewe, na usimpe hata dakika."

Afisa ajira alisogea, akilitazama lile bonde la godoro ambalo sasa lilikuwa linamgeukia polepole, kama anavyogeuka mtu aliyeitwa jina lake, na alipofungua mdomo sauti iliyotoka hakuitambua.

"Nimekuachisha kazi."

Sauti ikatoka godoroni kwa upole, kama karani anayeuliza jambo la kawaida:

"Notisi je?"

Mdomo wa afisa, uliozoea kazi, ukajibu kabla ya akili. "Mwezi mmoja."

Mganga alijishika kichwa. "Umempa mwezi, mwanangu! Mbebe mama yako, twende!"

Afisa na mama yake walihamia kwa dada yake mwenye mtoto mmoja, wanne chumba kimoja. Majirani wa kule walikohama walisema kila adhuhuri walisikia fanicha ikiburutwa ndani ya nyumba tupu. Mama alikonda, macho hayafumbiki, mpaka siku ya thelathini na moja alipopiga mwayo mrefu na kulala palepale, kijiko mkononi. Siku hiyohiyo watu walisinzia mji mzima, wengine madukani mwao, kichwa juu ya mizani.

Nafasi ikatangazwa upya. Aliyeipata alikuwa baba mmoja mnene, mcheshi, mwenye vyeti vyote. Afisa ajira alimpa mkono wa kumkaribisha na hakuuachia. Ulikuwa na joto, na jasho kidogo. Hata hivyo aliendelea kuushika, mpaka yule baba akacheka kwa aibu na kumwambia kwamba yeye ana mke.