Spika Iliyomkataa Sairun

Spika ya kushoto ilinyamaza Jumapili mchana, katikati ya wimbo wa kawali, Sairun akiwa ndiyo kwanza amekaa na kikombe chake cha chai. Ya kulia ikaendelea kuimba peke yake. Mumewe, Mazhar, aliruka kama aliyeambiwa mtoto katumbukia kisimani.

Hakuruka hivyo siku Sairun alipoungua na tawa, kile kikaango cha chuma cha kuchomea roti. Amplifaya iliyoendesha spika hizo, nzito, yenye uso wa rangi ya fedha, ilikuwa ya marehemu Jaibun, mke wa kwanza. Kaka yake alimletea kutoka Sydney, na nusu ya mji wa Ba walikuwa wakija sebuleni kuisikiliza. Sairun aliolewa akaikuta, akakatazwa hata kuipangusa vumbi. Alimwonea wivu marehemu, akauonea aibu wivu wake, na aibu haikuupunguza hata chembe.

"Unaitengeneza au unaibembeleza?" alimuuliza.

"Usinichekeshe, mkono utatikisika." Mazhar alikuwa ameinamia matumbo ya mashine, chuma cha kuchomelea kinafuka moshi. "Fundi habahatishi, bibie. Unabadilisha kitu kimoja tu, unasikiliza. Ugonjwa ukihama nacho, umempata mgonjwa."

Alibadilisha waya, wa kushoto ukaenda kulia. Kushoto kukabaki kimya. Akabadilisha spika zenyewe, kisha transista. Kila alipowasha alimwita Sairun asikilize naye, na Sairun aliacha dengu zake jikoni akaja kukaa kwenye kochi la kushoto, mahali pake pa siku zote. Kimya vilevile. Ila sasa ndani ya kimya hicho alisikia mtu akihema, na sebule ikanuka mafuta ya nazi yenye asumini. Yeye hakuwahi kupaka mafuta hayo.

"Bwana," alinong'ona, "humo ndani mna mtu."

"Ni mngurumo wa umeme tu. Hebu hamia kiti kile cha kulia, nipitishe waya."

Sairun akahamia. Papo hapo spika ya kushoto ikapaza wimbo, na ya kulia, iliyokuwa sasa juu ya kichwa chake, ikafa.

Mazhar akamtazama. "Rudi ulipokuwa."

Akarudi, na kimya kikarudi naye, akapelekwa kulia tena na kimya kikamfuata, huku na huku kama kuku anayefukuzwa, na harufu ya asumini ikizidi kumkaba koo, na ile pumzi ikisogea karibu na sikio lake mpaka akahisi unyevu wake shingoni, hata ikaacha kuwa pumzi ikawa maneno, ya mwanamke, taratibu, bila hasira: "Inuka. Hapo pangu. Na huyo wangu."

"Umesikia?" Sairun alikuwa akilia. "Hilo ni jini, limechukua sauti ya marehemu! Twende tukamwite maulvi aje atusomee dua, sasa hivi!"

Mazhar alikuwa amesikia. Macho yalimlowa, lakini si kwa hofu, na hapo ndipo Sairun alipoogopa kweli.

"Toka nje kidogo," alimwambia, kwa upole ambao hakuwahi kumpa tangu amwoe. "Nijaribu hilo tu."

"Nikitoka utanirudisha?"

"Kidogo tu, mama."

Alitoka peku mpaka barazani, mvua ikinyunya, akijua moyoni kwamba anaiacha ndoa yake mle ndani. Komeo likateremshwa nyuma yake. Kisha kawali ikapaa kutoka spika zote mbili, safi, tamu, bila doa lolote. Akagonga mlango, akaita jina la mumewe, ambalo kwao mke halitaji, akagonga tena mpaka viganja vikamuwaka.

Ndani, Mazhar alicheka kidogo, kicheko ambacho Sairun hakukijua.

"Sogea basi," alisema, "nami nikae."