Mtunzaji wa Miguu ya Delphine

"Hiki ni nini?"

Bi Alphonsine alikibwaga kiazi mezani, kikabingirika mpaka kwenye sahani ya mwanawe. Kilikuwa cha kijani ubavu mzima.

"Kiazi, Mama," alijibu Gervais Michaud, mtu mzima wa miaka hamsini, huku akikwepa kukitazama.

"Najua ni kiazi! Nimemenya viazi kabla hujazaliwa. Nauliza kimeona wapi mwanga? Ghala letu limechimbiwa kilimani, halina hata dirisha. Ndoo nzima iko hivi, vichungu kama shubiri."

Jamani, mapenzi! Akina Michaud wanalima viazi hapa bonde la Mto Saint John, kaskazini kabisa mwa Maine, tangu enzi za babu wa babu. Huku kwetu mtoto anajua kwamba kiazi hakitaki mwanga kabla hajajua kusali. Lakini Gervais alikuwa ametundika taa kali ghalani, nyuma ya turubai, na siku anazitundika hakuwa akiwaza viazi hata kidogo.

"Nimelifunua lile turubai," Bi Alphonsine alisema, sauti imeshuka. "Bangi, Gervais. Kwenye ghala la baba yako. Baada ya Normand!"

Normand alikuwa mdogo wake Gervais. Vidonge vya maumivu vilimtawala, vikamuua. Siku ya mazishi mama yao alimshika Gervais mkono kaburini, akamwapisha kwamba ulevi wa aina yoyote hautakanyaga tena ardhi ile.

"Za nani?" mama aliuliza.

Upande wa pili wa meza alikaa Delphine Ouellette, mwenye saluni ya karibu na kanisa, mpenzi wa Gervais kwa miaka mitano. Kila Jumapili alikula nao mchuzi wa kuku na ploye, zile chapati laini za huku kwetu. Alikuwa ametulia, akimngoja mwanaume wake aseme.

"Za... rafiki tu, Mama. Mtu mgonjwa. Namsaidia."

Delphine aliweka kijiko chini.

"Rafiki gani, Gervais?"

"Delphine, tutaongea nje."

"Tutaongea hapa hapa. Kadi yako iko wapi? Jimbo limekusajili kuwa mtunzaji wangu, mwenye ruhusa ya kunilimia bangi ya dawa, au halijakusajili?"

Gervais aliinama.

"Uliniambia umesajiliwa tangu mwaka jana! Nilikwenda kwa daktari, nikapata cheti, nikakuchagua wewe unilimie dawa. Kila jioni naitumia nikijua ni halali!"

"Kadi ingekuja kwa posta. Na barua anazipokea Mama."

"Kumbe mimi ni siri."

Delphine alisimama kwa shida, akashika ukingo wa meza.

"Ni zangu, Bi Alphonsine. Zinatuliza miguu yangu. Nisamehe kwa viazi."

Akatoka kwenye theluji bila hata kufunga koti.

Jioni ile simu za Gervais na Delphine zilikuwa na kazi.

*Mpenzi nisamehe. Niliogopa.*

*Uliogopa kutajwa pamoja nami. Wangekuja askari ungewaambia mimi ni nani? Rafiki?*

*Dawa unayo lakini?*

*Nimeimwaga. Sitaki dawa ya kujificha. Nimempigia Laurier Pelletier, ataniletea Jumamosi.*

Laurier alikuwa mtunzaji aliyesajiliwa, ana wagonjwa wake hapa mjini na kila mtu anajua. Tena kabla ya Gervais, ndiye aliyekuwa akimfukuzia Delphine. Gervais aliusoma ujumbe ule, akaenda kukaa ghalani peke yake, akalia.

Jumamosi Bi Alphonsine alikwenda saluni kama kawaida yake. Hasira ni hasira, lakini hakuna mwanamke wa huku anayekwenda misa nywele zimelala.

"Sikuja kuongea," alisema akikaa.

"Na mimi sina la kuongea. Inamisha kichwa."

Rola zilikuwa zimefika nusu ya kichwa, kitana kikaanguka. Delphine alijishikiza kwenye kiti akashindwa, akakaa sakafuni. Mguu wa kulia ulikuwa umekakamaa kama ubao, na wa kushoto ukaanza kuufuata.

"Delphine! Mwanangu, nini tena?"

"Misuli... inabana. Shika unyayo, usukume juu. Kwa nguvu!"

Bi kizee alipiga magoti na rola zake, akausukuma unyayo kwa mikono miwili. Delphine aling'ata taulo ili asipige kelele. Ilichukua muda mpaka mguu ukalegea.

"Ulikuwa unaniambia ni uchovu."

"Ulikuwa unaniambia mgongo wako hauumi."

"Inakushika hivi kila siku?"

"Nikiwa na dawa, mara moja moja. Ndipo napata hata usingizi."

"Na ikikushika, nani anakusukuma?"

"Gervais. Hata akiwa amelala anaamka."

Bi Alphonsine hakuuachia ule mguu.

"Vile vidonge Normand aliandikiwa na daktari, kwa ajili ya mgongo," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa namkumbusha ameze, Delphine. Kila asubuhi namwambia, meza mwanangu upone. Siku ya mazishi nilimwapisha Gervais, lakini niliyekuwa namkasirikia ni mimi mwenyewe."

"Hukujua, Bi Alphonsine."

"Sikujua." Alijifuta machozi kwa kiganja. "Haya, malizia hizi rola. Naonekana kituko."

Alipofika nyumbani alimkuta Gervais amesimama jikoni, kofia kichwani.

"Mama, ile mimea nimeing'oa yote nikaichoma. Haikuwa na kibali. Halafu nimetuma maombi ya kusajiliwa. Nimeweka jina langu na anwani ya nyumba hii, kadi ikija utaiona. Nitamlimia Delphine dawa. Ukinikataza kwenye ardhi yako, nitakwenda kupanga kwingine. Lakini sitamwita tena rafiki."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa yote hayo unaniambia mimi ya nini? Mimi ndiye ninayebanwa na misuli? Washa gari twende!"

Nje ya nyumba ya Delphine walikuta gari la Laurier. Gervais alilitazama, akavuta pumzi, akaingia hivyo hivyo. Bi Alphonsine alibaki garini. Laurier alikuwa jikoni na kikombe cha kahawa.

"Nimemletea dawa," Laurier alisema, kidevu juu.

"Asante, Laurier."

"Asante?"

"Alikuwa anaumia. Leo hataumia. Asante." Akamgeukia Delphine. "Nimeomba kusajiliwa, safari hii kweli. Kama umeshamchagua Laurier, sawa, ana haki. Mimi nipe kazi ya kushika miguu tu. Hiyo haina kadi."

Laurier akaweka kikombe chini, akavaa kofia.

"Delphine, mimi usinichague," alisema. "Ulipobanwa muda mfupi uliopita, nimekushika mguu mimi, lakini jina uliloita halikuwa langu. Nitakupa dawa mpaka kadi ya huyu bwana itoke. Na wewe Michaud, ukizembea tena, narudi."

Akatoka. Mara honi ikalia nje, ndefu, isiyo na adabu.

"Umekuja na nani?" Delphine aliuliza.

"Na Mama."

Delphine alichukua fimbo yake, wakatoka pamoja mpaka barazani. Misa ya Jumamosi jioni ilikuwa imeisha kanisani jirani, waumini wanamwagika barabarani. Kumbe bibi aliikosa misa, na nywele zake zote zile! Akashusha kioo.

"Ingia ndani, Bi Alphonsine, kuna baridi!"

"Siingii mpaka nijue. Mwanangu ni nani wako?"

"Ni mtunzaji wangu."

"Hilo litasemwa na serikali. Nakuuliza wewe."

Delphine alimtazama Gervais, akamtazama mama.

"Ni mume wangu, Mama. Akitaka."

"Anataka!" alidakia Bi Alphonsine.

"Mama, nyamaza," Gervais alisema, mara ya kwanza katika maisha yake. "Hili nitalisema mwenyewe."

Akashuka ngazi, akasimama katikati ya barabara, mbele ya padri, mbele ya majirani, mbele ya wale akina mama wasiobakiza neno.

"Delphine Ouellette anaumwa!" alipaza sauti. "Dawa yake ni bangi, na atakayeilima ni mimi! Na nitamuoa!"

Watu walisimama na funguo za magari mikononi. Hata Laurier alitoa kichwa dirishani mwa gari lake.

"Gervais," Delphine alisema akicheka huku machozi yanamtoka, "wamekusikia mpaka Kanada, ng'ambo ya mto."

"Wasikie," alijibu, akarudi kumshika mkono.