Jina Lililosomwa Mara Tatu

Jumanne, saa nane na dakika kumi mchana, Janeffer alisoma jina la marehemu mbele ya darasa. Hakukusudia. Yeye ni mkutubi wa chuo cha uuguzi nje kidogo ya mji wa Kericho, na hicho kilikuwa kipindi chake cha nne siku hiyo cha kufundisha wanafunzi kutafuta majibu ya tiba kwenye kompyuta. Mfano aliutoa kwenye faili kuukuu, na kwa uchovu hakufuta jina.

"Tapkigen, mchuma majani chai. Alijifungua, damu ikakataa kukoma, akafariki."

Mvua ya mawe ilikuwa ikipiga mabati.

"Hatusikii huku nyuma, madam!"

Akarudia. Akarudia tena kwa sauti kubwa. Mara ya tatu, Chepkorir, mwanafunzi mwenye mimba ya miezi minane, akapiga chafya.

Kipkemoi, msaidizi wa maktaba, aliacha kupanga vitabu. Darasa lilipotoka akamsogelea.

"Madam, si umemwita? Kwetu tunaita majina ya wafu mpaka mtoto apige chafya. Jina analolijibu, huyo ndiye amerudi."

"Huitiwa mtoto aliyezaliwa, Kipkemoi. Hiyo chafya ni ya vumbi la vitabu vyako."

"Sawa. Vumbi liko na masikio."

Kila jioni Janeffer hupitia orodha ya maswali yaliyotafutwa. Kipindi kile wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na swali moja. Maswali yalikuwa kumi na mawili. La mwisho lilitoka kompyuta namba tisa, iliyokufa tangu Januari: damu haikomi. Alhamisi lilikuja mara saba. Ijumaa mchana, akiwa peke yake, alisikia vibonye vikigongwa polepole, akageuka akaona waya wa namba tisa umelala sakafuni kama ulivyolala miezi yote, na harufu ikamjia ya majani chai yaliyofungwa guniani mpaka yakapata moto, na chini ya harufu hiyo harufu ya damu, na vibonye havikuacha hata alipofika mlangoni.

Alikwenda kijijini Mogogosiek kwa nyanya wa Chepkorir, ambaye wote humwita kogo, akamsimulia yote.

"Huyo si wa ukoo wetu," kogo alinong'ona. "Hajaja kuzaliwa. Amekuja kuuliza. Si wewe hufundisha watu kutafuta majibu? Mjibu."

Jumatatu Janeffer alitafuta hadi akapata mwongozo wa tiba. Akaisomea kompyuta namba tisa, akihisi mjinga. Kisha akapeleka nakala wodi ya wazazi, akaomba dawa na damu viwe tayari kwa ajili ya Chepkorir.

"Na hata hajashikwa na uchungu, madam?" muuguzi aliuliza.

"Weka tu, dada. Nimechoka kueleza."

Vibonye vilinyamaza.

Chepkorir alijifungua msichana Jumamosi asubuhi. Damu ilikataa kukoma kwa dakika kumi na nane. Dawa ilikuwa mezani. Damu ikakoma. Janeffer alilala usingizi ameketi kwenye benchi la koridoni.

Jumatano iliyofuata wanawake walikusanyika nyumbani kwa kogo kumpa mtoto jina. Waliita majina kumi na tisa ya wafu wao. Wakampitishia ugoro puani ili apige chafya. Mtoto alitulia, akimtazama Janeffer.

Wanawake wakaishiwa na majina. Harufu ya majani chai ikaingia, na moto jikoni ulikuwa wa kuni tu.

"Usilitaje," kogo alimnong'oneza.

Janeffer hakulitaja. Hakuna aliyetaja jina lolote.

Saa kumi na dakika kumi na mbili, mtoto alipiga chafya mara tatu.