Ng'ombe Wote Mstari Mmoja

Daktari Nthenya alihisi kitu kikimvuta kwa nyuma, akadhani ni mmoja wa wale madalali wa mnada wasiojua mipaka. Aligeuka na kofi tayari mkononi. Kumbe ni beberu mweusi, ametulia kabisa, anatafuna mkanda wa gauni lake la maua ya njano uliokuwa ukining'inia chini ya koti jeupe la kazi.

"Mbuzi wa nani huyu?" akafoka.

"Ni wangu," sauti ikamjibu kutoka upande wa malori. "Lakini kwa leo namkana."

Aliyesema hivyo alikuwa kijana mrefu, shati lake limepigwa pasi kama la Jumapili, kikoi cha mistari ya buluu kiunoni, viatu vya ngozi vimejaa vumbi la soko la Kwa Vonza.

"Amekula mkanda wangu!"

"Ana macho mazuri, daktari. Soko zima hili, amechagua maua ya kwako."

Nthenya aliuma mdomo asicheke. Akamgeukia mama muuza uji aliyekuwa karibu, akamwambia kwa Kikamba kwamba huyu Msomali ana mdomo mtamu kupita kiasi.

"Na masikio pia ninayo," kijana akajibu, kwa Kikamba kisicho na kasoro. "Naitwa Abukar. Nimezaliwa Kitui mjini, nyuma ya msikiti. Unisengenye kwa lugha nyingine."

Hapo kicheko kikamshinda. Mwaka ulikuwa themanini na saba, mvua zilikuwa zimenyesha vizuri, ng'ombe walikuwa wanono na watu walikuwa na nafasi ya kucheka.

Haikupita wiki, simu ya ofisini ikalia.

"Halo, ni kwa daktari wa mifugo? Nina mgonjwa hapa."

"Mgonjwa gani?"

"Ni dume. Hali majani, halali, kutwa anatazama barabara ya Kwa Vonza."

"Mpe chumvi," Nthenya akasema, amekwisha kuitambua sauti.

"Chumvi amelamba ikaisha. Anamtaka daktari mwenyewe."

Wakaonana kwenye hoteli moja pale Kitui, chai ya maziwa na sambusa mezani, Nthenya na sketi yake ya kijani na hereni alizokuwa hajavaa tangu amalize chuo kikuu. Wakaonana tena, na tena. Abukar alimwita "daktari wa moyo wangu". Yeye akamwita "mgonjwa asiyepona". Mji ukaanza kuzungumza, nao wakaacha uzungumze.

Kisha ukaja uvumi kwamba ng'ombe wa Wasomali wana ugonjwa wa miguu na midomo. Aliyeuvumisha zaidi alikuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mifugo, mzee Kivuva. Wasomali, Abukar akiwa mmoja wao, walikuwa wakileta ng'ombe wazuri na kuwauza kwa bei nafuu, na hilo lilimkera. Kivuva alikuwa mjomba wa Nthenya, ndugu ya mama yake, mtu aliyemlea tangu baba yake alipokuwa kibarua mbali, akampigania asome wakati wengine walisema msichana ataolewa tu.

Siku ya mnada askari waliwatenga ng'ombe wote wa Wasomali wakawafungia kwenye boma la karantini, ng'ambo ya mto mkavu. Ng'ombe wa Wakamba wakaendelea kuuzwa kama kawaida. Alasiri hiyo DO, afisa wa serikali wa tarafa ile, akaitisha kikao. Kivuva alizungumza kwa ukali. Bwana Musyoka, bosi wa Nthenya, akatingisha kichwa kukubali kila alichosema. Mwishowe DO akamgeukia Nthenya.

"Daktari, wewe ndiye unayesimamia soko lile. Una la kusema?"

Nthenya alikuwa amewapima wale ng'ombe mmoja mmoja walipoteremshwa kwenye malori. Alijua ni wazima. Akamtazama mjomba wake, mjomba akamtazama.

"Sina, bwana DO."

Kikao kikavunjika, akatoka. Akajiambia atalitengeneza jambo hili kimyakimya. Jua likielekea kuzama akavuka mto mpaka bomani, akamkuta Abukar anamimina maji kwenye nusu pipa, kikoi kimelowa mpaka magoti.

"Mpenzi, nisikilize," akamwambia. "Nimezungumza na askari wa lango. Kesho asubuhi toa ng'ombe wako uondoke. Hakuna atakayekuuliza."

Abukar akaweka debe chini. "Kwa hivyo wangu ni wazima?"

"Ni wazima. Si niliwapima mwenyewe?"

"Na wa mzee Samatar?"

"Pia."

"Na wa mama Shamso, yule mjane?"

Nthenya akainamisha uso. "Wote, Abukar. Wote ni wazima."

"Uliyasema haya kwenye kikao?"

"Yule ni mjomba wangu! Hujui amenifanyia nini."

"Nimesikia uliulizwa. Uliulizwa, Nthenya!" Akapangusa mikono kwenye kikoi. "Mimi nikisema hawa ng'ombe hawana ugonjwa, watu watasema Msomali anatetea mali yake. Wewe ukisema, ni daktari amesema, tena mtoto wa hapa. Kinywa kama hicho mimi sina. Na wewe unakuja kukitumia kuninong'oneza mimi peke yangu?"

"Nafanya hivi kwa sababu nakupenda."

"Basi mapenzi hayo sitayaweza. Nipite na wangu, halafu nimtazame Samatar machoni vipi?"

Akaokota debe lake, akamwacha amesimama.

Kesho yake Nthenya alipiga simu kwenye duka la kina Abukar. Akapokea Nadifa, dada yake Abukar.

"Kaka yuko bomani, hajarudi nyumbani. Anasema hatoki mpaka wote watoke. Nimwambie nini?"

 Nthenya akaweka simu chini, akavaa viatu, akaenda moja kwa moja mpaka nyumbani kwa mjomba. Hakutaka mzee alisikie hadharani kabla ya kulisikia kutoka kwake.

"Mjomba, siku ya mnada ujao nitasema ukweli kuhusu wale ng'ombe."

Kivuva alikuwa anakula. Akasukuma sahani. "Hao Wasomali wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu. Mimi ndiye niliyewanyima."

"Ni yule kijana. Mji mzima unajua."

"Hata kijana yule asiponitaka tena, mjomba, nitasema."

"Basi ukisema, usikanyage hapa kwangu."

Alilia njia nzima, lakini siku ya mnada ilipofika aliamka mapema, akavaa koti lake jeupe na gambuti, akaenda kusimama katikati ya lango la soko. Nyuma ya fimbo na kofia za wauzaji, ng'ombe walisukumana. DO alikuwepo, na Bwana Musyoka pembeni yake.

"Leo hakuna ng'ombe anayeingia," Nthenya akasema kwa sauti, "mpaka mnisikie. Wiki iliyopita niliulizwa kama nina la kusema, nikasema sina. Nilikuwa nalo. Ng'ombe walioko bomani niliwapima, ni wazima. Na kama kuna mtu anahofia ugonjwa, ugonjwa haujui Mkamba wala Msomali. Soko lifungwe kwa wote au lifunguliwe kwa wote. Leteni wa bomani. Nitawapima wote hapa mbele yenu, mstari mmoja, nikianza na wa mjomba wangu."

"Utahamishwa wewe," Musyoka akamnong'oneza.

DO akasogea mbele. "Daktari, uko tayari kuiweka kazi yako juu ya maneno hayo?"

"Niko tayari."

"Basi waleteni," DO akawaambia askari.

Alipima mmoja baada ya mwingine. Alifungua midomo, akapapasa ulimi, akainua kwato. Hapakuwa na kidonda wala malengelenge. Wa Kivuva wakapita, wa mama Shamso wakapita, wa Samatar wakapita, na wachinjaji waliochoka kungoja wakaanza kupatana bei hata kabla hajamaliza. Mjomba aliuza wake akaondoka bila kumwangalia. Mwishoni kabisa akafika Abukar, macho mekundu kwa vumbi.

"Mwenye ng'ombe ni nani?" Nthenya akauliza kikazi, kinyume na alivyojisikia.

"Unamjua."

"Leo simjui mtu yeyote. Kila mtu ajitaje."

Abukar akatabasamu, mara ya kwanza tangu boma lifungwe. "Abukar, mtu wa Kitui. Na amekusamehe, kama hilo linapimwa hapa."

Nthenya akamshika dume pembe, akamfungua mdomo.

Hakuhamishwa. DO aliamuru kila mnada uwe hivyo: wote wapimwe mstari mmoja. Nthenya hakutosheka na hapo. Alirudi kwa DO mpaka mzee Samatar na mama Shamso wakapata viti kwenye kamati ya soko. Kwa mjomba bado hakuwa anaenda, ila mama yake alimwambia kwamba mzee, pamoja na kununa kwake, aliuliza kama Nthenya siku hizi anakula.

Alasiri moja simu ikalia, laini ikikwaruza.

"Niko Mtito Andei, kwenye kituo cha petroli," Abukar akasema, huku malori yakinguruma nyuma yake. "Napeleka ng'ombe Mombasa, nikashindwa kuvuka hapa kabla sijakuuliza. Nthenya, unaolewa na mimi?"

"Kwa simu, Abukar? Mbele ya pampu za petroli?"

"Nikingoja nifike, nitapasuka."

"Baba yangu ni mzee wa kanisa."

"Na wangu hakosi swala hata moja. Itatuchukua muda, watagomba, watakunywa chai nyingi. Mimi sina haraka nao. Nina haraka na wewe."

Mara sauti ya opereta ikaingia kati: "Muda wenu umekwisha. Mnaongeza?"

"Tunaongeza!" wakajibu wote wawili.

"Basi dada, mjibu huyu mtu," opereta akasema. "Nina watu wengine wanangoja laini."

Nthenya akacheka mpaka Bwana Musyoka akachungulia mlangoni.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, mpenzi wangu. Nenda salama, urudi upesi."

Alipoweka simu aliketi kwenye kiti chake, mabega yamelegea kama ya mtu aliyetua mtungi baada ya mwendo mrefu, akavuta pumzi mpaka chini tumboni, kisha akaiachilia yote.