Mapigo Manne Matupu

Sponji ya maikrofoni ilikuwa imelowa.

Si jasho, si maji ya bomba. Mate. Mkwaruzo aliigusa kwa kidole, akainusa, akapata harufu ya mdomo wa mtu aliyelala muda mrefu bila kuamka. Chumba alikifunga jana yake mwenyewe, na ufunguo ulilala shingoni mwake.

"Shangazi!" aliita kuelekea dukani. "Nani kaimbia humu?"

"Labda cherehani," shangazi yake akajibu, pini mdomoni. "Mimi nikiimba hata uzi hukatika."

Mkwaruzo akabadilisha sponji, akaendelea na kazi. Hilo lilikuwa kosa lake la pili. La kwanza nalieleza sasa hivi, maana siwapendi wasimulizi wanaomficha msomaji mambo.

Miaka minane alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki ya watu wanne. Nyimbo alitunga yeye. Sauti yenye mikwaruzo, iliyompa hilo jina, ilikuwa yake. Lakini mabango yalibeba jina la bendi, na waandishi wa habari walijibiwa na mpiga gita kiongozi, ambaye kila mtu alimwita Kapteni. Mkwaruzo alipoaga ili aimbe peke yake, Kapteni hakugomba. Alicheka tu.

"Nenda, mama. Ila wewe ni mwito, sisi ndio kiitikio. Utaita, nani ataitika?"

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akaomba stoo iliyo nyuma ya duka la ushonaji la shangazi yake, akazungushia kuta magodoro ya zamani ili kuua mwangwi, akawa anarekodi saa saba mchana, wakati cherehani zimenyamaza na shangazi amejinyoosha kwenye mkeka. Baada ya wiki tatu angepanda jukwaani peke yake kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa chuo cha ufundi. Akishindwa, basi Kapteni atakuwa amesema kweli, na mtu kama yule akisema kweli mara moja, mji mzima hautalala.

Tatizo lilikuwa mazoea. Kila alipoimba mstari wa kiitikio aliacha mapigo manne matupu, nafasi ambayo wenzake walizoea kuitikia. Siku ya kwanza kimya kile kilimchoma. Alipiga godoro teke, akafoka:

"Haya! Kama kuna wa kuitikia humu, aitikie!"

Chumba kitupu, jua la utosi, na wewe unaita usiyemjua. Mtoto wa miaka mitano hukatazwa jambo hilo. Lakini hasira haina masikio, hilo nalijua mimi vizuri kuliko wengi.

Wiki ya pili akaja Fundi Waya kusafisha zile rekodi, mtu mzima mwenye kipara aliyeanzia kwenye kutengeneza redio. Alisikiliza dakika mbili, akavua hedifoni.

"Dada, huyu anayekuitikia umempata wapi? Anajua!"

"Sijaimba na mtu."

"Acha utani." Kisha akamtazama usoni, akampa hedifoni.

Mkwaruzo akajisikia akiimba: *Nimetoka bila kuaga, nimebeba gita langu.* Moja, mbili, tatu, nne. Na ndani ya yale mapigo, kwa sauti yake mwenyewe, mikwaruzo yote, mtu akaitika: *Tumetoka bila kuaga, tumebeba gita letu.*

"Futa," alisema.

"Nimeshafuta mara tatu." Fundi Waya alikuwa anakunja nyaya zake haraka haraka. "Nikifuta inarudi. Na kila ikirudi, imesogea karibu zaidi na maikrofoni."

Jioni ile alimkuta shangazi yake akikata kitambaa.

"Tumechoka, shangazi."

"Wewe na nani?"

"Tuna njaa."

"Heee! Tangu lini umekuwa malkia?" Shangazi alicheka hadi chaki ikamdondoka. Mkwaruzo hakucheka. Alijaribu kusema *nina njaa*. Ulimi ukagonga meno, ukarudi nyuma, ukaleta lile lingine: "Tuna. Tuna. Tuna."

Kicheko cha shangazi kikakatika kama uzi.

Mganga aliletwa asubuhi yake, mzee mfupi mwenye miwani ya kusomea na simu mbili. Alinusa magodoro, akaweka sikio kwenye maikrofoni iliyozimwa, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa maagizo.

"Hana ubaya sana," alisema. "Ameitwa, ameitika. Sasa anadai haki yake. Jina lake likae kwenye kava la rekodi pamoja na lako, au mpe wimbo mmoja uwe wake. Atatulia."

"Tumetoka bendi ya watu wanne wanaoonekana," Mkwaruzo akasema kwa hasira, "tukaingie bendi na asiyeonekana? Hatutaki!"

Hata kukataa, alikataa kwa wingi.

Mganga akavua miwani. "Basi mtoe mwenyewe. Aliyeitwa kwa mdomo hutolewa kwa mdomo uleule. Lakini sikiliza, binti yangu. Akikutoka, hatakwenda mbali. Atakaa kwenye hayo mapigo manne, akingoja mdomo mwingine utakaoitikia. Yaondoe kwenye wimbo."

"Mapigo ni yetu. Hatuondoi kitu."

"Ukaidi huo," shangazi akanong'ona, "umeurithi kwa baba yako."

Saa saba ilipofika, Mkwaruzo aliingia peke yake, akafunga mlango. Hakushika gita. Alisimama mbele ya maikrofoni na kuuliza, taratibu:

"Wewe ni nani?"

Moja, mbili, tatu, nne.

"Sisi ni nani?" sauti yake ikaitika kutoka nyuma ya magodoro.

"Sema peke yako."

"Peke yetu."

"Sema *mimi*."

Hapo kukawa kimya, na katika kimya kile magodoro yakaanza kupumua, yakivimba na kunywea, na ile harufu ya mdomo uliolala ikajaa chumbani hadi machozi yakamtoka, na kitu chenye joto kikamlalia kisogoni, kikateremka shingoni, kikamkaba bila vidole, kikitafuta njia ya kuingia kooni pale ambapo maneno huzaliwa, huku kikigugumia *tu, tu, tu*, kama mtoto anayebembeleza titi. Naye akatambua kwamba kile kitu hakikukataa kusema, ila hakikuweza, hakikuwa na hata neno moja la kwake.

"Huwezi!" alisema kwa pumzi iliyobaki. Akaanza kucheka. "Kumbe huna! Unatisha watu na huna hata *mimi* yako! Hii hapa ni yangu. Mimi. Mimi! Mimi nimetunga, mimi ninaimba, toka!"

Neno lilimtoka kwa uchungu, kama mwiba wa samaki. Godoro moja likaanguka ukutani. Sponji ilikuwa kavu.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa, mchana kweupe, madirisha wazi. Mkwaruzo hakuwa ameondoa kitu.

"Wimbo huu una kimya," aliwaambia. "Kimya hicho mniachie. Asiitikie mtu."

"Hata kukohoa?" mmoja akauliza.

"Kohoa kwenu."

Walicheka. Kisha akaimba, na mapigo manne yakapita matupu, mara ya kwanza, mara ya pili, ukumbi mzima umeshika pumzi, naye akijua kwamba hajawahi kuimba vile maishani. Mara ya tatu, kutoka viti vya nyuma, mwanamume aliyekunja mikono akaitika kwa dharau, sauti juu: "*Tumetoka bila kuaga!*"

Kapteni. Watu wakacheka. Mkwaruzo akamwona akijifuta mdomo na kuutazama mkono wake.

Kapteni alimfuata baadaye, wakati Mkwaruzo akifungasha nyaya.

"Tumekuja kukupongeza," alisema.

Hakuwa na mtu. Kola ya shati lake ilikuwa imelowa mate, na ile harufu ilifika kabla yake.

"Wenzako wako wapi?"

"Hatukuja nao." Macho yakamtoka. Akajishika koo. "Tu... tu..."

Mkwaruzo aliyakumbuka maneno ya mganga. Hakurudi nyuma hata hatua moja. Alisukuma kiti kwa mguu.

"Kaa. Mimi nilikuonya, nawe ukataka kuonekana. Sasa rudia: *mimi*."

Kapteni akakaa. Akafumbua kinywa. Moja, mbili, tatu, nne. Na sauti iliyotoka mle, mikwaruzo yote, ilikuwa ya Mkwaruzo:

"Tufundishe."

Mkwaruzo akakunja mikono ya shati lake.

"Kwanza," alisema, "hiyo sauti irudishe. Ni yangu."