Changu Chako

Musoma nzima hakuna aliyeweza kupiga domo kama Khalidi, na ukibisha, bisha kimoyomoyo. Pale Sinema Mwaloni, jumba la tangu enzi za mababu, yeye ndiye aliyeshika maikrofoni kutafsiri filamu. Mwigizaji aje na bunduki zake, Khalidi atamfanya agombane na mkewe juu ya kichwa cha samaki sato.

Mchana huo aliona jambo dogo. Viti vya pale hujikunja vyenyewe mtu akiinuka, lakini kimoja cha mbele kilikuwa kimekunjuka, na mtu hamna.

"Karibu, mgeni usiyeonekana," akakitania kwenye maikrofoni. "Hapa kwako. Changu chako."

Ukumbi ukacheka. Hamduni, rafiki yake wa utotoni na mwenzake wa kuendesha jumba, hakucheka.

Khalidi akanyamaza anywe maji. Spika hazikunyamaza. Sauti yake mwenyewe ikaendelea kutafsiri, tena kwa utani mtamu kuliko wake, huku harufu ya udi ikipanda kutoka mstari wa mbele na watu wakipigana mabega kwa kicheko, na yeye kasimama na chupa mdomoni, koo linapoa kama jiwe la ziwani, kila neno alilotaka kusema likisemwa kabla hajalifikiria.

Kesho yake alikuwa na mnong'ono tu. Akamleta ukumbini Bi Ikhlas, mganga kutoka Bunda, Hamduni naye akiwepo. Mama huyo akafukiza ubani, akakiuliza kiti nani kamleta huyo aliyekikalia. Umeme ulikuwa umezimwa. Spika zikajibu kwa sauti ya Khalidi:

"Hamduni. Aliniomba watu warudi sinema. Akasema kuna jamaa ana maneno mengi, mengine anayamwagaga bure."

Khalidi akamgeukia. Hamduni alikuwa anatazama viatu vyake.

"Wenye jumba wangeligeuza ghala, ndugu yangu," akasema polepole. "Mimi nilitoa sauti yako tu. Sikukutoa wewe."

Bi Ikhlas akafunika chetezo. "Huyu hatoki. Angepewa na rafiki yako peke yake, ningemnyang'anya. Ila na wewe mwenyewe ulimwambia chako ni chake, mbele ya mashahidi ukumbi mzima."

Jumamosi watu walijaa mpaka milangoni. Hamduni alikuwa anakata tiketi. Alimpisha Khalidi bila kumtazama usoni. Ndani kilibaki kiti kimoja, kile cha mbele. Khalidi akakaa. Kilikuwa bado na joto la mtu.

Taa zikazimwa, na spika zikacheka kicheko chake.

"Karibu, mgeni," zikamwambia. "Hapa kwako."